Vitufe Tisa Kwenye Meza ya Stesheneri

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifunguliwa, foleni ya stesheneri yetu hapa Morogoro huanzia kaunta na kuishia barazani kwa muuza chipsi. Kila kijana ana bahasha yake: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa usajili), vyeti vya shule, kitambulisho cha mdhamini, picha ndogo mbili. Anataka viskaniwe, vipewe majina yanayoeleweka, viingie kwenye flashi, na barua iandikwe hapohapo. Kazi yenyewe si ngumu. Kinachochosha ni kwamba ni ileile. Fungua folda, fungua barua, andika tarehe, hifadhi, printi, funga, mwite anayefuata. Ikifika saa kumi jioni kiganja kinachoshika mausi kinauma, na saa hiyo ndipo makosa yanapoanza kuingia.

Nilichofanya ni kununua pedi ya namba, ile ndogo ya USB ambayo wahasibu huichomeka kwenye laptopu isiyo na namba pembeni, nikaigeuza kuwa pedi ya vitufe vya kazi. Kitufe kimoja hufungua barua mpya, kingine huandika tarehe ya leo, kingine hufungua folda ya mteja. Nimeitumia misimu miwili. Hapa naeleza jinsi ya kutengeneza ya kwako, iwe una stesheneri, duka la dawa, ofisi ya uhasibu, au unatafsiri vitabu sebuleni kwako. Nitakuonyesha pia mahali nilipoumia, usipite hapo.

Kabla ya kununua chochote, chukua karatasi, ibandike kando ya skrini na uiache hapo wiki nzima. Kazi ikitokea mara ya kwanza, andika jina lake. Ikijirudia, chora kijiti mbele yake, kama tulivyohesabu kura za kiranja darasani. Usichague cha kuandika. Hata kufungua folda ni kijiti. Jumamosi jioni hesabu. Mimi niliamini kuandika barua ndiko kunakonimalizia siku, kumbe vijiti vingi kuliko vyote vilikuwa vya kutafuta folda na kubadilisha majina ya faili. Kama ningenunua kifaa kwanza, ningekitengenezea kazi isiyo sahihi.

Hesabu yake ni rahisi. Kazi ya sekunde 40 ikifanyika mara 30 kwa siku ni dakika 20. Kwa wiki ya siku sita ni saa mbili kamili. Hiyo inastahili kitufe. Lakini kazi ya dakika kumi inayokuja mara moja kwa mwezi, iache kama ilivyo. Siku utakapoihitaji utakuwa umeshasahau uliiweka kwenye kitufe kipi. Na katika zile zilizobaki, ondoa kila kazi inayohitaji jicho. Kusoma jina la mteja kwenye kitambulisho na kulilinganisha na jina lililo kwenye cheti ni kazi ya jicho, hata kama unaifanya mara mia. Pedi isaidie mkono tu, jicho libaki huru kusoma majina.

Sasa kifaa. Ziko pedi za aina nyingi, na tofauti yake kubwa haiko kwenye idadi ya vitufe, iko kwenye mahali akili yake inapokaa. Aina ya kwanza hubeba maagizo ndani yake yenyewe. Ukiitengeneza leo kwenye kompyuta hii, kesho unaichomeka kwenye nyingine na inafanya vilevile, kwa sababu kompyuta inaiona kama kibodi ya kawaida. Pedi nyingi za namna hii huendeshwa na QMK, programu huria inayokaa ndani ya kibodi yenyewe, na ukikuta ile inayokubali VIA, unaweza kubadilisha kazi ya kila kitufe kwa kubofya tu, bila kuandika mstari hata mmoja. Adafruit MacroPad, yenye vitufe 12, kirungu cha kuzungusha na kiskrini kidogo, iko katika kundi hili, ila hiyo inampendeza zaidi mtu asiyeogopa kuandika programu. Aina ya pili haina akili yake. Hutuma ishara tu, na programu iliyo kwenye kompyuta ndiyo huamua kitakachotokea. Stream Deck ya Elgato, iliyotoka mwaka 2017 kwa ajili ya watu wanaorusha michezo ya video mtandaoni, ni ya namna hiyo. Vitufe vyake 15 vina kiskrini kila kimoja, kwa hiyo unaona picha ya kazi badala ya kuikariri. Ni kifaa kizuri na ni ghali, na programu yake isipokuwa imefunguka, umeshika plastiki.

Zipo pia zile ndogo za vitufe vitatu na kirungu kimoja, zinazouzwa kwa bei nafuu mtandaoni bila jina linalojulikana. Zinafanya kazi. Tatizo ni programu yake ya kuzipangia, ambayo mara nyingi unaelekezwa kuipakua mahali usipopajua. Kompyuta huamini kila kinachoandikwa na kibodi, bila kuuliza, hivyo kifaa kinachojitambulisha kama kibodi na programu isiyo na mwenyewe si vitu vya kuingiza kwenye mashine yenye vyeti vya watu. Kama huwezi kujua programu imetoka kwa nani, iache.

Mimi nilichagua pedi ya namba kwa sababu ilikuwa inapatikana mjini, na kwa sababu ikiharibika leo nanunua nyingine kesho asubuhi bila kusubiri mzigo. Akili nimeiweka kwenye kompyuta, kwa AutoHotkey, programu ya bure ya Windows. Unaandika faili fupi la maandishi, kila mstari ukisema kitufe fulani kifanye nini. Kama hutaki kabisa kuandika, PowerToys, nayo ya bure na ya Microsoft wenyewe, ina sehemu ya kubadilisha kazi za vitufe. Ina mipaka mingi zaidi, lakini kwa kazi tatu nne inatosha. Watumiaji wa Mac wana Karabiner-Elements kwa kubadilisha vitufe na Shortcuts kwa kupanga kazi. Ninayoeleza hapa ni ya Windows, kwa kuwa ndiyo niliyokaa nayo.

Swali la kwanza utakalojiuliza ni hili: nikizipa namba kazi nyingine, nitapigaje hesabu za jioni? Jibu liko kwenye kitufe ambacho wengi hatukigusi, NumLock. Taa yake ikiwaka, 1 ni 1. Ikizimwa, kitufe hichohicho kinakuwa End, 2 inakuwa mshale wa chini, 3 inakuwa PgDn, 7 inakuwa Home, 9 inakuwa PgUp. Na AutoHotkey inajua tofauti ya End ya kwenye pedi na End ya kwenye kibodi. Ya pedi huiita NumpadEnd. Kwa hiyo unafunga kazi zako kwenye majina hayo ya taa iliyozimwa. Taa ikizimwa, pedi ni ya kazi. Ikiwashwa, ni ya hesabu kama ilivyozaliwa. Kifaa kimoja, maisha mawili, na hukulipia la pili.

Angalizo kwa wenye laptopu za zamani: nyingine zimeficha namba ndani ya herufi za kibodi, na NumLock ikiwashwa, herufi kama J, K na L zinaanza kuandika namba. Ukiona barua yako imejaa tarakimu katikati ya maneno, usidhani ni virusi. Zima NumLock.

Kwa anayenunua pedi ya VIA, ipo njia safi zaidi. Kibodi zetu zinaishia F12, lakini Windows inazitambua hadi F24, urithi wa zamani, maana IBM waliwahi kutengeneza kibodi zenye vitufe 24 vya namna hiyo katika miaka ya 1980. Kwa kuwa kibodi za leo hazina F13 hadi F24, karibu hakuna programu inayozitumia. Zipe pedi yako. Umepata vitufe 12 ambavyo havitagombana na kitu.

Tuingie kwenye faili lenyewe. Pakua AutoHotkey toleo la 2 kutoka kwa wenyewe, isakinishe, kisha fungua Notepad, andika mistari hii, na uihifadhi kwa jina linaloishia na .ahk:

#Requires AutoHotkey v2.0
NumpadEnd::Run "D:\Violezo\barua.dotx"
NumpadDown::SendText FormatTime(, "dd/MM/yyyy")
NumpadPgDn::Run "D:\Wateja"

Bofya faili mara mbili. Zima NumLock, bonyeza 1, na barua mpya inafunguka. Bonyeza 2 ukiwa ndani ya barua, na tarehe ya leo inaandikwa. Bonyeza 3, folda ya wateja iko mbele yako. Mistari mitatu, na vijiti vingi vya karatasi yako vimeshapungua. Ili faili lianze lenyewe umeme ukikatika na kurudi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:startup, na kwenye folda itakayofunguka weka njia ya mkato ya faili lako. Usilihamishie faili lenyewe huko. Liache kwenye folda unayoinakili kila wiki.

Sasa angalia mwisho wa jina la barua: dotx, si docx. Hapa ndipo nilipoumia, na nataka usiumie.

Mwanzoni kitufe changu kilifungua docx ya kawaida, barua ya maombi ya kazi yenye nafasi za kujaza. Nilikuwa nikijaza jina, nikiprinti, nikiifunga bila kuhifadhi. Mchana mmoja wenye foleni, nikaihifadhi. Sikujua. Aliyefuata alikuwa mama mmoja wa makamo aliyekuwa anamwombea binti yake nafasi ya kazi. Nikabadilisha jina la juu, nikasahau la chini karibu na sahihi, kwa sababu siku zote pale chini palikuwa wazi. Barua ikatoka. Alirudi siku ya pili, akaiweka kaunta.

“Mwanangu, huyu aliyetia sahihi hapa chini simfahamu.”

“Shikamoo mama. Nisamehe, ni kosa langu.”

“Marahaba. Barua tumeshaipeleka.”

Nilimwandikia nyingine, nikamrudishia hela, lakini hela haikuwa shida yake. Jioni ile nikabadilisha violezo vyote kuwa dotx. Faili la aina hiyo ukilifungua kwa kubofya au kwa kitufe, Word hailifungui lenyewe, inafungua nakala mpya isiyo na jina. Ukiihifadhi, inakuuliza jina. Kiolezo kinabaki kisafi. Kwenye Word ni suala la kuchagua aina hiyo wakati wa kuhifadhi, dakika moja tu kwa kila barua, na nakuomba uifanye kabla hujafunga kitufe hata kimoja.

Kiolezo ninachokitumia kuliko vyote ni cha kitambulisho. Mteja anataka pande mbili za kitambulisho kwenye karatasi moja, kwa ukubwa wake halisi. Kadi za namna hiyo, pamoja na za benki, zina kipimo kimoja duniani: milimita 85.6 kwa 54. Tengeneza jedwali la visanduku viwili, kimoja juu ya kingine, kila kimoja sentimita 8.56 kwa 5.4, uzuie visanduku visijipanue, na ulihifadhi kama dotx. Kitufe cha 4 kwangu kinafungua hicho. Unadondosha picha ya mbele juu, ya nyuma chini, unaprinti. Hakuna tena kuvuta kona za picha kwa mausi huku mteja anakutazama.

Baada ya wiki utataka kitufe kifanye mambo matatu mfululizo: kifungue kitu, kisubiri, kiandike. Hapo kuna mtego. Watu wengi huagiza kompyuta isubiri sekunde mbili kisha iandike. Siku ambayo kompyuta ni nzito, kwa sababu printa inameza faili kubwa au antivairasi imeamka, sekunde mbili hazitoshi, na maneno yako yanaandikwa kwenye dirisha lingine kabisa, pengine kwenye ujumbe wa mtu. Usiagize muda, agiza tukio. AutoHotkey ina WinWaitActive, ambayo maana yake ni kwamba isubiri mpaka dirisha hili liwe mbele ndipo iendelee. Kompyuta ikiwa nyepesi inaendelea mara moja. Ikiwa nzito inasubiri. Kwa sababu hiyohiyo, epuka vitufe vinavyobofya mahali fulani pa skrini kwa vipimo. Ukibadilisha skrini, au tovuti ikihamisha kitufe chake kwa nusu sentimita, utabofya usichokusudia. Tumia njia za mkato za kibodi kila zinapopatikana, hizo hazihami.

Ndani ya Word kwenyewe unaweza kurekodi makro: unabofya kurekodi, unafanya kazi mara moja, unasimamisha, unaipa kitufe. Jua tu kwamba wakati wa kurekodi Word haishiki maneno unayoyachagua kwa kuburuta mausi. Chagua kwa Shift na mishale, au kwa Ctrl na A, la sivyo makro yako itakuwa na tundu katikati.

Kitufe ninachokipenda hakiandiki chochote. Kinahesabu. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye nayo, mwaka ukitangulia. Wateja huja nayo imeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi au ndani ya ujumbe wa simu, na tarakimu moja ikidondoka, fomu nzima inarudishwa. Kwa hiyo nachagua namba niliyoiandika, nanakili kwa Ctrl na C, nabonyeza 5:

NumpadClear::MsgBox StrLen(RegExReplace(A_Clipboard, "\D"))

Kidirisha kinatokea chenye hesabu ya tarakimu, bila kujali vistari na nafasi. Ikisema 20, namgeukia mteja: “Kaka, umezaliwa tarehe ngapi?” Nikilinganisha na nane za mwanzo, naendelea. Ikisema 19, tunarudi kwenye karatasi yake wote wawili. Kitufe hiki hakijaniokolea dakika nyingi. Kimeniokolea safari za watu waliotoka Mvomero asubuhi na ambao wasingependa kurudi kesho kwa ajili ya tarakimu moja. Ukiitazama karatasi yako ya vijiti, tafuta mahali ambapo kosa dogo linamgharimu mtu mwingine nauli, na uweke kitufe cha kukagua hapo kabla ya kitufe cha kuharakisha.

Upangaji wa vitufe ni jambo ambalo nililidharau, nikalilipia. Wiki ya kwanza niliweka kazi tisa kwa pamoja, kisha nikawa nazihamisha kila siku kutafuta mpangilio mzuri. Vidole havikushika hata kimoja. Anza na vitatu. Vikae hivyohivyo mpaka mkono uvifikie bila kuangalia, ndipo uongeze cha nne. Nimeona zile za mfululizo mmoja zikikaa vizuri kwenye mstari mmoja: 1 barua, 2 tarehe, 3 folda, mstari wa chini wote ni wa mteja mpya. Mstari wa kati ni wa kitambulisho na ukaguzi. Mstari wa juu, 7 hadi 9, ni wa mambo ya kufunga. Cha hatari kiwe kona ya mbali, na jirani yake kiwe kitupu. Kwangu 8 haifanyi kitu chochote, kwa makusudi, ili kidole kinachoteleza kidondokee mahali salama.

Weka pedi upande wa mkono usioshika mausi. Hapo ndipo faida yake inapoonekana, kwa sababu mkono wa pili, ambao siku nzima ulikuwa unasubiri, unapata kazi. Fundi cherehani amelijua hili muda mrefu: mguu unasukuma pedali, mikono miwili inabaki na kitambaa. Wanaonakili mahojiano na mashauri kutoka kwenye sauti nao hutumia pedali ya mguu ya USB kusimamisha na kurudisha nyuma sauti bila kuacha kuandika; ukifanya kazi hiyo, pedali itakufaa kuliko pedi.

Andika majina ya vitufe. Kipande cha selotepu ya karatasi na kalamu ya wino usiofutika vinatosha: BARUA, TAREHE, FOLDA, KADI, HESABU. Msichana anayenisaidia zamu ya mchana hakuhitaji mafunzo yoyote. Alisoma vitufe, akaanza kazi. Siku ya tatu akaniambia, “Bosi, hii ya folda ingeuliza jina la mteja moja kwa moja.” Alikuwa sahihi. Sasa 3 inafungua kisanduku cha kuandika jina, inatengeneza folda yenye jina hilo, kisha inaifungua. AutoHotkey inafanya hivyo kwa InputBox na DirCreate, mistari minne mitano, na tumekubaliana kutumia kistari badala ya nafasi kati ya majina ili faili zisisumbue. Anayekaa kwenye kiti saa nane kwa siku ataona kijiti ambacho wewe mwenye duka hukioni. Mpe karatasi na yeye.

Yapo mambo ambayo sitayaweka kwenye kitufe, na nakusihi usiyaweke. La kwanza ni nywila. Faili la .ahk ni maandishi matupu; yeyote anayekaa kwenye kompyuta yako anaweza kulifungua kwa Notepad na kulisoma. Nywila ya barua pepe, ya benki, ya mfumo wowote wa serikali, na zaidi ya yote nywila ya mteja, haina nafasi humo. Tumia programu ya kutunza nywila, au mwache mteja aiandike mwenyewe kwa mkono wake. La pili ni kutuma. Kitufe kinaweza kuandaa barua pepe, kuweka kiambatisho, kuandika salamu. Kubofya kutuma kubaki kwa mkono, baada ya jicho kupita juu ya jina la anayetumiwa. La tatu ni kuprinti nakala nyingi. Kitufe cha kuprinti nakala moja ni sawa. Kitufe cha nakala hamsini kikigongwa mara mbili ni rimu ya karatasi.

Na kuna kufuta. Hiki nimekiweka, lakini kwa kufuli, na nitakueleza kwa nini.

Kompyuta ya stesheneri inakusanya maisha ya watu: vyeti, vitambulisho, namba za simu, barua za mahakamani, picha za watoto. Miaka ya nyuma tulikuwa tunaziacha faili hizo kwenye eneo-kazi la kompyuta hadi skrini ijae. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata isingekuwapo, mtu aliyekupa cheti cha kuzaliwa ili ukiskani hakukupa ukitunze. Kufuta kila jioni ni kazi ambayo sote tunaijua na ambayo, kwa uchovu, tunaiahirisha. Kitu kinachoahirishwa kila siku kwa uchovu kinastahili kitufe kuliko kitu kingine chochote. Hiki hapa changu, kwenye 9:

NumpadPgUp:: {
    if MsgBox("Nifute faili za wateja za leo?", "Kufunga siku", "YesNo Default2") = "Yes" {
        FileRecycle "D:\Wateja"
        DirCreate "D:\Wateja"
    }
}

Kwanza kinauliza. Neno Default2 linafanya jibu la hapana ndilo litangulie, hivyo mtu akigonga Enter bila kusoma hakuna kinachopotea. Pili, hakifuti moja kwa moja; kinapeleka folda kwenye pipa la kompyuta na kutengeneza nyingine tupu ya jina lilelile. Funga Word na kila faili la mteja kabla ya kukibonyeza, la sivyo kitagoma. Pipa lenyewe tunalimwaga kesho yake saa sita mchana, kwa mkono, kwa sababu kila asubuhi kuna anayerudi mbio kusema flashi yake imesahaulika kwenye daladala. Mpaka saa sita bado tunaweza kumsaidia. Kama D yako ni flashi au diski ya kuchomeka, kijaribu kwanza kwa faili lisilo na thamani, maana flashi kwa kawaida haina pipa, na kilichofutwa humo kimekwenda.

Faili lako la .ahk, ukishalizoea, liprinti. Karatasi moja inatosha. Ya kwetu imebandikwa nyuma ya kaunta, chini ya bei za laminesheni, na pembeni ya kila mstari tumeandika kwa kalamu kitufe kinafanya nini na tarehe tuliyokiweka. Mwezi uliopita diski ya kompyuta ilikufa Jumatatu asubuhi, foleni ikiwa mlangoni, na nakala yangu ya kwenye flashi ilikuwa nyumbani. Msaidizi wangu alikaa kwenye laptopu ya akiba, akainakili ile karatasi kwa kuisoma ukutani, na saa tatu na nusu alikuwa anabonyeza 3 na kumwuliza mteja wa kwanza jina lake.